Milimita Kumi na Mbili

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, simkejeli mtu. Ulichorwa kwenye karatasi kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili: mishale myekundu inavuka mto alfajiri, inapita mji wa reli kabla ya chakula cha mchana, na siku ya tatu inalala mji mkuu wa adui. Jenerali aliupenda mpaka askari tukampa jina, Siku Tatu. Ukisikia "Siku Tatu yuko getini," unafunga vifungo vya shati na kumeza moshi wa sigara.

Mimi sikuwamo kwenye mishale. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana ya jeshi, kibanda cha tatu baada ya geti. Kilichopangwa mezani kwa wakubwa kilinifikia kikiwa kimevunjika, na kazi yangu ilikuwa kukiunga.

Ilianza na jiwe. Kwenye mazoezi tairi la lori lilirusha jiwe, likapasua kioo cha gari la Jenerali. Jenerali akazama chini ya kiti akidhani ni risasi, walinzi wake nao wakalala matopeni kwa adabu. Kesho yake gari likaletwa kwangu lifungwe mabamba ya chuma, unene milimita kumi na tano. Sawa, jeshi ni lake. Lakini jogoo mkubwa akiwika, banda zima linaitikia. Wiki haijaisha, makanali wote wakataka mabamba kwenye malori wanayopanda. Kanali hawezi kulingana na jenerali, basi wakapata kumi na mbili. Mameja kumi. Makapteni nane. Hapakuwa na amri iliyoandikwa popote, ila ukimwekea meja kumi na moja, kanali anafika na rula.

Dereva naye, kwa kuwa amekaa kwenye gari hilohilo na hawezi kuachwa uchi, nilimwekea sita. Kwa hiyo lori moja lilikuwa na pande mbili, upande wa mkubwa na upande wa mshika usukani, na ukiligonga kwa nyundo unasikia cheo.

Dereva wa Kanali wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye shingo fupi na mdomo mrefu. Alikuja kunitazama nikimfungia bamba la dirishani, nimeacha upenyo wa upana wa kiganja ili aone njia.

"Kwa hiyo, shemeji, mimi ni nusu ya Kanali?"

"Nusu ni heshima. Dada yako alisema nikuwekee bati la banda la kuku."

"Niongezee basi hata ifike nane."

"Nane ni ya kapteni. Katafute cheo kwanza, bamba utalikuta hapa."

"Na nikitaka kutema mate?"

"Meza."

Akacheka, akagonga bamba lake kwa ngumi. Lililia kama sufuria. La Kanali lilikuwa halilii kabisa.

Sasa, pale getini kulikuwa na mizani ya zamani ya kupimia vyuma chakavu. Nilimwambia shemeji alipandishe lori juu yake. Kitabu cha kiwandani kilisema tani kumi na nane likiwa na mzigo. Mizani ikasema ishirini na sita. Nikalipima la pili, ishirini na tano. La tatu, ishirini na saba. Nikachukua chaki, nikaandika uzito mpya kwenye kila mlango, tarakimu kubwa, maana nilijua daraja la kuelea ambalo jeshi zima lingepitia limetengenezwa kubeba gari la tani ishirini, moja moja, kwa nafasi.

Kanali akaja na kikombe cha chai.

"Nani kaandika namba ya jezi kwenye lori langu?"

"Ni uzito, afande. Mabamba yameongeza tani nane. Daraja halitabeba."

"Mpango unasema kumi na nane. Jenerali ameshatia saini." Hakuwa mkali, alinisemesha kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni. "Unataka mimi nipande ngazi, nigonge mlango, nimwambie Jenerali kuwa fundi wa vyuma amemkosoa?"

"Tunaweza kubandua, afande. Siku mbili tu, yote yametoka."

"Ya Jenerali utaanza kubandua lini?"

Akamimina chai kidogo kwenye leso, akaifuta ile 26 mwenyewe, taratibu, mpaka mlango ukang'aa. Nyingine akaagiza zifutwe kabla ya mchana. Jeshini kwetu habari njema ilipanda ngazi mbiombio, na habari mbaya ilikaa chini ikisubiri kuitwa. Ningeweza kumtafuta mtu wa madaraja nikamnong'oneza siku ileile. Sikumtafuta. Nilikuwa na magari kumi na manne ya kuchomelea, na nilikuwa na woga. Nayasema yote mawili ili usije ukaninunulia medali.

Siku ya kuondoka mke wangu alitusindikiza mpaka kwenye uzio. Aliwalea wadogo zake mwenyewe tangu mama yao afariki, na huyu alikuwa kitinda mimba.

"Nakukabidhi," akaniambia, kidole kifuani kwangu. "Namtaka mzima. Akirudi vipande, na wewe usirudi, kaa hukohuko na moto wako."

"Dada, mimi ndiye nabeba silaha," shemeji akasema. "Yeye anabeba pasi ya umeme."

"Wewe nyamaza, vaa soksi."

*

Tulifika mtoni jua likianza kuchomoza. Askari wa miguu mia tatu walikuwa wameshavuka kwa mashua za mpira na kushika ukingo wa pili bila kupigwa hata risasi moja. Walikuwa na risasi za kutosha saa mbili, na maji ya chupa moja kila mtu. Kila kitu kingine kilikuwa kwenye malori, na malori yalikuwa nyuma yetu, mia mbili, kwenye barabara moja nyembamba yenye tope pande zote. Mpango uliwapa saa moja ya kusubiri.

Daraja lilikuwa mashua za chuma zilizofungwa ubavu kwa ubavu, na juu yake njia ya mabamba. Aliyelifunga ni sajenti mmoja wa kike, mwembamba, tuliyemwita Kamba kwa sababu hakuamini kipimo chochote asichokivuta kwa kamba yake mwenyewe. Alisimama mdomoni mwa daraja na kibendera. Alipitisha malori matano ya mikate, mepesi, moja moja. Yakavuka salama. La sita lilikuwa la Kanali.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye gari la kuvuta magari mabovu, na mitungi yangu miwili ya gesi na oksijeni. Nilimwona Kamba akisoma kibao cha kiwandani mlangoni, 18, akainua kibendera. Nikaruka chini nikakimbia.

"Sajenti, usilipitishe hilo. Ni ishirini na sita."

"Kibao kinasema kumi na nane."

"Kibao hakijui mabamba. Nimeyafunga mimi, nimelipima mimi. Yote nyuma ni hivyohivyo."

Alinitazama muda mfupi tu. "Na ulikuwa wapi wiki nzima?"

"Nilikuwa mjinga."

"Hapo nakuamini." Akashusha kibendera, akasimama katikati ya njia. "Lori la sita, rudi nyuma. Hakuna kupita."

Ndipo kombora la kwanza likaanguka. Liliingia majini mbali, likarusha maji marefu kama mnara. La pili likaanguka kwenye barabara yetu, katikati ya kikosi cha wapishi. Niliona sufuria kubwa ikiruka juu, na kitu kingine pembeni yake ambacho sikutaka kukijua.

Kanali akafungua mlango wake wa milimita kumi na mbili, akaushika kwa mikono miwili maana mmoja hautoshi, akashuka. "Saa kumi na mbili na dakika kumi. Nilitakiwa niwe ng'ambo. Toa mwili wako njiani."

"Daraja ni langu, afande," Kamba akasema. "Likikatika, walioko ng'ambo wamekwisha. Bandua vyuma au peleka mzigo kwa—"

Kanali akampiga risasi ya paja. Hakupiga kelele wala hakumtukana, alimpiga kama mtu anayezima taa. Kamba akakaa chini, akaushika mguu wake akiutazama kwa mshangao. Kanali akanigeuzia bastola, akaona sare yangu yenye matundu ya cheche, akaona sina thamani ya risasi, akapanda. Mlango ukafungwa kwa kishindo cha sefu.

Kupitia ule upenyo wa kiganja niliyaona macho ya shemeji. Bastola ilikuwa mbavuni mwake. Akaniambia, "Shemeji, mwambie dada soksi nimevaa," akatia gia.

Lori likapanda. Mashua ya kwanza ikazama hadi shingoni, ya pili ikainama, lakini daraja likashika. Angekwenda peke yake, labda angefika, sitajua. Ila nyuma makombora yalikuwa yanaitembelea barabara kwa zamu, gari moja baada ya jingine, na madereva waliona sehemu moja tu isiyowaka moto, nayo ni daraja. La saba likaparamia. La nane likalisukuma la saba. Askari waliokuwa wakikimbia kando wakabanwa kati ya mabamba yangu na vyuma vya pembeni. Nikasikia mifupa, na mabamba yenyewe hayakupata hata mkwaruzo. Kazi nzuri.

Halafu pini zinazounga mashua za katikati zikakatika. Zilikatika moja moja, kwa sauti ya chupa zinazopasuka. Lori la saba likaingia majini pua kwanza, likapotea na watu wote wa nyuma. Helmeti tu ndizo zilizoibuka. La nane likafuata. Lori la Kanali likalala ubavu juu ya mashua iliyopasuka, upande wa mkubwa chini kwenye maji, upande wa mshika usukani juu, na mashua ile inazama polepole kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

Nikaburuta mitungi. Kigari chake kina magurudumu mawili, moja bovu; nilikuwa nimejiahidi kulitengeneza. Nilipofika mdomoni mwa daraja Kamba alikuwa anatambaa kuja kwangu, amejifunga paja kwa kamba yake ya kupimia.

"Mpira wa gesi una mita ngapi?" akauliza.

"Thelathini."

"Mpaka pale ni ishirini na nane. Nenda. Vali ya mtungi nashika mimi."

Nikaenda. Daraja lilikuwa limepinda, nilitembea juu ya migongo ya watu, wengine walikuwa wanalalamika. Nikapanda kwenye mlango wa shemeji, nikauvuta. Fremu ilikuwa imepinda, mlango umeuma. Ndani, maji yalikuwa yameshamfika Kanali kifuani.

"Shemeji," sauti ikatoka kwenye upenyo. "Hili bamba lako zuri sana. Linatoka vipi?"

"Geuza uso. Jifunike na koti."

Nikawasha moto wa gesi. Nikaulekeza moto kwenye kona ya bamba, ile mishono niliyoichoma kwa mkono wangu wiki iliyopita nikipiga mluzi. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, kikaanza kutapika cheche.

"Fundi." Hiyo ilikuwa sauti ya Kanali. "Anza upande wangu. Hiyo ni amri."

"Upande wako uko majini, afande. Na ni kumi na mbili."

"Nimesema anza upande wangu."

"Kumi na mbili inachukua muda mara mbili, afande. Hii sita naimaliza, mnatoka wote kwa tundu hilihili."

Bastola ikalia humo ndani. Sijui alimlenga nani. Risasi iligonga bamba, ikarudi, ikagonga tena, ikizunguka mle kama nyuki kwenye kopo, kwa sababu nilikuwa nimefunga vyuma visivyopitisha risasi, na havikupitisha. Shemeji akapiga yowe. Mkono wake wa kushoto ukatokea kwenye upenyo ukiwa na vidole vitatu.

Nikaendelea kukata. Upande wa kwanza, wa pili. Matone ya chuma kilichoyeyuka yalikuwa yanadondoka ndani; nilisikia ngozi yake ikichemka, nikasikia akinitukania ukoo wangu wote, jambo lililonipa moyo, maana maiti haitukani. Nyuma yangu kombora likaanguka karibu, vipande vikapita. Moto ukayumba, ukawa mdogo, kisha ukarudi. Niligeuka. Kamba alikuwa ameulalia mtungi, amekumbatia vali kwa mikono miwili. Kichwa chake hakikuwa sawa tena. Mikono ilikuwa imebaki palepale aliponiahidi.

Upande wa tatu. Nikalipiga bamba teke, likakunjuka kama kifuniko cha kopo la samaki. Nikamshika shemeji kwapani nikavuta. Akatoka mpaka kiunoni, akakwama.

"Ameshika," akasema. "Ameshika mguu."

Nikachungulia. Maji yalikuwa yamefika kidevuni mwa Kanali. Alikuwa amekikamata kifundo cha mguu wa shemeji, buti likiwa limeshamvuka, kwa mkono mmoja, na hakuwa anajaribu kupanda; alikuwa ameshika tu, na ananitazama mimi. "Mimi kwanza," akasema. "Mrudishe ndani. Mimi kwanza." Chini yetu mashua ikatoa pumzi kubwa, lori likateleza hatua moja.

"Mwachie, afande. Mwachie apite, nakushika na wewe. Naapa."

Hakumwachia. Labda hakuniamini. Kwa nini aniamini, na yeye hajawahi kutoa ahadi kwa mtu wa chini akaitimiza? Moto ulikuwa bado unawaka mkononi mwangu. Nikauingiza ndani ya tundu, nikaupeleka kwenye ule mkono, nikauweka hapo.

Sitaeleza sauti. Vidole vikafunguka. Tukaanguka mtoni mimi na shemeji pamoja, na lori likaenda chini na tani zake ishirini na sita, na Kanali wake salama kabisa dhidi ya risasi zote.

*

Mengine niliyaona nikiwa nimelala kwenye matete, nimemfunga shemeji mkono kwa lesi ya buti. Ng'ambo, wale mia tatu walipigana zile saa mbili za risasi zao, na nusu saa zaidi kwa visu na sepetu. Walitupungia. Walidhani tunakuja. Kisha adui akashuka ukingoni bila haraka, akawamaliza majini, na mto ukawaleta upande wetu mmoja mmoja kama unarudisha vitu vya kuazima. Barabarani, yale malori yaliyobaki hayakuweza kugeuka. Kila lililojaribu kutoka pembeni lilizama topeni hadi ekseli kwa uzito wa heshima. Mizinga iliyachoma kwa mpangilio, kutoka mbele kwenda nyuma. Makapteni waliungulia humo ndani ya milimita nane zao, milango imekataa kufunguka.

Siku Tatu hakuwepo. Gari lake la milimita kumi na tano lilikuwa limeharibika klachi kilomita arobaini nyuma. Kamati ya uchunguzi ilikaa siku nne, yaani muda mrefu kuliko vita vyenyewe, ikaona kwamba mpango ulikuwa sahihi ila daraja lilifungwa vibaya na sajenti mmoja. Niliitwa kutoa ushahidi. Nikasema uzito, wa kila lori, kwa kichwa. Karani akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kutumia mizani. Nikawaambia pia nani alimpiga sajenti risasi. Hakuna aliyeandika. Nikaomba kipande cha karatasi, nikaandika mwenyewe, nikakiacha mezani kwao. Kama walifungia maandazi, ni wao.

Nyumbani tulifika mchana. Mke wangu alitukuta mlangoni, hakulia, alimkalisha mdogo wake kwenye kochi akaanza kumkagua kama anapokea mzigo. Kichwa. Macho. Mikono.

"Vidole viwili viko wapi?"

"Nimeacha rehani, dada," shemeji akasema. "Jeshi litanipigia simu."

"Nilisema mzima," akanigeukia mimi.

"Vidole viwili tu, mama watoto. Hata fundi cherehani hukosea kipimo."

Akataka kucheka, mdomo ukamkatalia. Akaleta beseni la maji ya moto, akapiga magoti, akamvua viatu. Soksi alikuwa amevaa kweli. Akaivuta ya kulia, akasita palepale. Kwenye kifundo kulikuwa na alama nne nyeusi upande mmoja na moja nene upande wa pili, dhahiri kama zimechorwa, na juu yake ngozi imebabuka kwa moto.

"Huu ni mkono wa mtu," akasema. "Nani alikushika hivi?"

Shemeji alinitazama. Ana mdomo mrefu, nimesema, tangu nimwoe dada yake sijawahi kumwona akikosa neno. Nje jirani alikuwa anapigilia msumari.

"Alikuwa anazama," shemeji akasema mwisho.

Mke wangu akanitazama mikono, nyusi zangu zilizoungua, akarudi kwenye mguu wa mdogo wake, akakamua kitambaa, akaanza kuosha kuanzia kwenye vidole, kidole kwa kidole, akikizunguka kile kifundo bila kukigusa.